Boma la Mjerumani au baraza la mtemi: mahakama ipi kando ya Ziwa imetumika muda mrefu zaidi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari upande wa Magu. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa baraza la mtemi tangu ujana wake, na uhuru ulimkuta bado yupo kazini. Alituambia kwamba nyumba aliyofanyia kazi ndiyo hii hii inayotumika leo kama Mahakama ya Mwanzo ya kwetu, na kwamba kesi hazijawahi kusimama pale tangu ijengwe. Mwaka huu nimewapa wanafunzi kazi ya kutafuta jengo la mahakama lililotumika muda mrefu kuliko yote Kanda ya Ziwa bila kukatika. Mjomba wangu, wakili mstaafu aliyeko Mwanza mjini, ananicheka. Anasema jibu linajulikana, ni majengo ya Mjerumani, ama Mwanza ama Bukoba, na kwamba baraza la mtemi halikuwa mahakama bali kikao cha wazee. Nikitafuta mtandaoni, kila mtu anataja jengo la kwao. Nianzie wapi? Baraza la mtemi linahesabika? Na tukithibitisha, tunaruhusiwa kuweka bango la kumbukumbu ukutani?"

Marahaba, mwalimu. Niseme mapema ninakoegemea: kwa swali hasa ulilowapa wanafunzi, yaani kutumika bila kukatika, baraza la babu yako lina nafasi nzuri kuliko boma la Mjerumani. Nasema nafasi nzuri, sijasema limeshinda. Ushindi uko kwenye rejista za kesi, na huko wengi wanaotaja jengo la kwao hawajafika.

Wewe na mjomba hambishanii jambo moja. Mna maswali matatu: jengo lipi ni la zamani zaidi, taasisi ipi ya kuamua mashauri ni ya zamani zaidi, na nyumba ipi imesikiliza kesi mwaka hadi mwaka bila pengo. Mjomba anajibu la kwanza. Babu alikuwa anajibu la tatu. La pili halina wa kuligusa, ingawa ndilo linaloamua kama baraza ni mahakama au la.

Ukongwe wa kuta haukuambii lolote kuhusu matumizi. Mombasa kuna jengo la mahakama la mwaka 1902, jirani na Fort Jesus. Ukiingia leo utakuta maonyesho ya makumbusho, mahakimu walishahama siku nyingi. London, majaji walikaa katika ukumbi wa Westminster tangu karne za kati, lakini mwaka 1882 mahakama zikahamishiwa mtaa wa Strand na ukumbi ukabaki na sifa zake. Paris ndiyo inayonichekesha zaidi. Mwaka 2018 mahakama ya jiji ilihamia jengo jipya la ghorofa nyingi huko Batignolles, ila mahakama ya rufani na ile ya juu kabisa zikabaki kwenye jumba la kale lililo kisiwani katikati ya mto Seine. Sasa jumba lile limekatika au halijakatika? Wanasheria wawili wa Kifaransa wanaweza kukupa majibu mawili, na wote wakawa sahihi.

Marekani jengo linalotajwa sana kwa rekodi hii ni mahakama ya wilaya ya King William, jimbo la Virginia, iliyojengwa karibu na mwaka 1725. Ni matofali mazuri kweli kweli. Lakini mwaka 1885 moto uliteketeza ofisi ya karani pamoja na sehemu kubwa ya kumbukumbu za wilaya ile. Kuta zipo, karatasi hakuna, na anayetaka kuthibitisha kwamba kesi hazikusimama katika miaka iliyoungua analazimika kutafuta ushahidi nje ya masijala yao. Waeleze wanafunzi kisa hicho kabla hamjaenda kokote, wajue mapema kwamba watatumia muda mwingi kwenye karatasi kuliko kwenye kuta.

Tuje kwenye boma. Wajerumani walianza mapema huku kwetu. Emin Pasha, msafiri aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba mwezi Novemba 1890, na kituo cha Mwanza kikaja katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1890. Hizo ndizo tarehe anazozitegemea mjomba, na ni za kweli. Kasoro ni kwamba boma halikujengwa liwe mahakama. Lilikuwa ngome, ofisi ya kodi, ghala la silaha, jela na makazi ya askari, vyote ndani ya ukuta mmoja, na kesi zilisikilizwa humo kwa sababu mwenye kusikiliza alikuwa mkuu wa wilaya, naye alikaa humo.

Tena haki yenyewe iligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na mahakama yake yenye hakimu aliyesomea sheria, na Mwanza ilikuwa mojawapo ya miji michache ya koloni iliyokuwa nayo. Mwafrika alifikishwa mbele ya mkuu wa wilaya, yule ambaye wazee walimwita Bwana Shauri, chini ya amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 iliyotaja adhabu zinazoruhusiwa: viboko, faini, kifungo cha kazi, minyororo na kifo. Hamsa ishirini ya simulizi za wazee, yaani viboko ishirini na vitano, ilipata uhalali wake humo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha jengo na kusema hii ndiyo ilikuwa mahakama ya Mjerumani, muulize ya nani. Huenda chumba cha Wazungu na baraza la Waafrika havikuwa chini ya paa moja.

Kuna pia tabia ya kuiita mahakama kila nyumba ya mawe ya enzi hizo. Mwanza wapo wanaonyooshea kidole nyumba ya kilimani inayobeba jina la Gunzert. Theodor Gunzert kweli alikuwa mkuu wa wilaya wa mwisho wa Kijerumani pale, kuanzia mwaka 1907 hadi Waingereza walipoingia, na mashauri mengi yalipita mikononi mwake. Lakini nyumba anamolala mwamuzi haiwi mahakama kwa sababu hiyo tu.

Hapa ndipo hoja ya mjomba kuhusu "kikao cha wazee" inapoyumba. Akisema baraza la mtemi si mahakama kwa kuwa mtemi alikuwa mtawala na mwamuzi kwa pamoja, kipimo hicho hicho kinamwondoa Bwana Shauri, ambaye alikusanya kodi asubuhi na kuhukumu mchana. Hata mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyemfuata alikuwa hakimu kwa sababu ya cheo chake cha utawala. Ukitaka hakimu asiye mtawala, miaka yako ya kuhesabu itaanza karibu na uhuru kwa pande zote mbili, na boma na baraza vyote vitaanguka pamoja. Mimi ningevihesabu vyote viwili: mahali ambapo watu waliamuliwa kwa nguvu ya sheria iliyokuwapo, wakafungwa au kulipa fidia kwa uamuzi huo, palikuwa mahakama, hata kama haki yenyewe ilikuwa chache.

Kwa upande wa baraza kuna jambo zaidi. Waingereza walipoanzisha utawala kupitia watemi, kwa sheria ya mwaka 1926, waliyapa mabaraza haya mamlaka rasmi, na sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 ikayapanga upya. Kila mahakama ya wenyeji ilikuwa na hati ya kuanzishwa, ikieleza eneo lake na ukomo wa adhabu zake. Ni kweli sheria ile iliziondoa kwenye mkono wa Mahakama Kuu, rufaa zikawa zinapanda kwa mkuu wa wilaya, kisha wa jimbo, kisha Gavana, na bila shaka mjomba wako alisomeshwa chuoni kwamba hiyo haikuwa mahakama ya kweli. Mwaka 1951 zikageuzwa kuwa mahakama za mitaa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika Julai 1964, ndiyo iliyofuta ubaguzi wa ngazi mbili na kuunganisha yote katika ngazi tulizonazo: mwanzo, wilaya, Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo ni mrithi wa lile baraza, na sehemu nyingi ilirithi pia nyumba, meza na karani. Babu yako inaelekea alivuka mwaka 1964 akiwa amekalia kiti kile kile.

Sasa tuangalie mahali pagumu, kwa sababu kila mshindani ana pake.

Kwa majengo ya mjini, pagumu pa kwanza ni vita. Bukoba ilishambuliwa na Waingereza mwezi Juni 1915, wakavunja ngome na mtambo wa simu ya upepo, kisha wakaondoka. Mwanza iliangukia mikononi mwao tarehe 14 Julai 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Kuanzia hapo hadi mwaka 1920 nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi na wa mpito. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa amri ya mfalme ya mwaka 1920, na tarehe 22 Julai mwaka huo ndiyo wanasheria hadi leo huitaja kuwa siku ya kupokelewa kwa sheria za Kiingereza. Kisheria, mnyororo wa mahakama ya Kijerumani ulikatika. Chumba kinaweza kuwa kiliendelea kutumika, lakini anayedai hivyo ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kesi zilizosikilizwa ndani ya jengo hilo kati ya 1916 na 1920. Nimewaona wengi wakiruka miaka hiyo minne kama dimbwi la barabarani.

Pagumu pa pili mjini ni upanuzi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, pamba ikakua, ofisi zikaongezeka, na ofisi zikiongezeka mahakama huwa ya kwanza kuhamishwa. Mahakama Kuu nayo ilifika miji ya mikoani kwanza kwa majaji wa kutembea, waliokuja kusikiliza kesi nzito na kuondoka. Chumba kilichotumiwa na jaji kwa wiki chache kwa mwaka kimetumika mfululizo au la? Hakuna jibu la asili. Kuna jibu utakaloamua wewe na kulitangaza.

Na tahadhari moja kwa wanaopenda hukumu za zamani, maana wanafunzi wako watazikuta TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na watafurahi. Muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu ulioanza kuchapishwa mwaka 1967 huweka herufi ndani ya namba ya kesi: M kwa Mwanza, A kwa Arusha, D kwa Dar es Salaam. Ni alama nzuri ya kuonyesha kwamba Mahakama Kuu ilikuwa ikifanya kazi Mwanza. Ile hukumu maarufu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990, iliyompa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, nayo ilitolewa Mwanza ingawa shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe mkoani Kagera. Lakini hukumu hutaja mji, haitaji nyumba. "Mwanza" ya mwaka 1967 na "Mwanza" ya 1990 zinaweza kuwa kuta mbili tofauti. Soko likihama, jina na wachuuzi huenda nalo, mabanda ndiyo hubaki. Mahakama ni vivyo hivyo, na nyaraka nyingi humfuata mchuuzi.

Kwa upande wenu wa baraza, pagumu pako wapi? Pa kwanza ni desturi ya watemi wenyewe. Zamani Usukumani mtemi mpya alijenga ikulu yake mpya, na baraza likaenda naye. Utemi unaweza kuwa na karne nyingi za kuamua mashauri, na nyumba ya baraza ikawa na miaka michache tu. Kwa hiyo usianze kuhesabu kwa mtemi wa kwanza wa koo zenu. Anza kwa nyumba ya kudumu, ile ya matofali au mawe na bati, ambayo kwa kawaida ilijengwa kwa fedha za hazina ya utemi wakati wa Waingereza. Hilo linamaanisha kwamba tarehe yenu ya kuanzia, kwa hali yoyote, itakuwa ya baadaye kuliko ya boma. Usiumie. Nyumba iliyoanza baadaye na isiyokatika inaishinda iliyoanza mapema ikaacha, kwa swali hili.

Pa pili ni mwaka 1963 na 1964, watemi walipofutwa na mahakama za mitaa kugeuzwa. Baadhi ya mabaraza yalifungwa, baadhi yakawa ofisi za kata, maghala ya pamba au zahanati, kisha mahakama ikarudishwa humo miaka ya baadaye. Watu husahau pengo la namna hiyo kwa urahisi sana. Babu yako hakuwa na sababu ya kudanganya, lakini karani aliyehamishiwa kituo kingine kwa miaka miwili naye husema "sikuwahi kuacha kazi".

Kabla hamjagusa karatasi yoyote, andikeni maana ya "kukatika" kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la darasa, wote mkiwapo. Mimi ningependekeza hivi: jengo limekatika ikiwa mwaka mzima wa kalenda umepita bila kesi hata moja kusikilizwa ndani yake, isipokuwa limefungwa kwa matengenezo au maafa na mahakama ile ile ikarudi. Maafa si jambo la kufikirika huku kwetu. Mvua za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha maji ya Ziwa kwa zaidi ya mita 2, na majengo ya pwani yakaonja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua nyumba nyingi za Kagera. Mahakama iliyosikiliza kesi chini ya mwembe wakati ukuta unajengwa upya, mimi singeihesabia pengo, mwingine angeihesabia. Muhimu ni kuamua kabla ya kujua kanuni itamfaidi nani. Ukiamua baadaye, mjomba atakushinda kwa haki.

Mnaanzia wapi? Anzeni leo mrudi nyuma. Watu wengi huanza kwa Mjerumani, kwa sababu anavutia, kisha hushindwa kumuunganisha na leo. Rejista ya mwaka huu ipo mezani kwa karani. Ya mwaka jana ipo kabatini. Endeleeni hivyo hadi mnyororo ukatike, na hapo ndipo utafiti unapoanza. Faida kubwa mliyo nayo ni lugha: mabaraza haya yaliandika mashauri yao kwa Kiswahili, na Mahakama za Mwanzo hadi leo huendeshwa kwa Kiswahili, hivyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kusoma rejista ya mwaka 1950 bila mkalimani. Tazameni namba za kesi kama zinafuatana, mihuri, majina ya mahakimu na washauri, na stakabadhi za ada. Muhuri ukibadilika jina la mahali, simameni hapo. Jaladani wakati mwingine kuna barua ndogo isiyothaminiwa, ya kuomba bati, rangi au benchi. Barua moja ya kuomba bati ina thamani kuliko hukumu kumi, kwa kuwa inataja nyumba.

Kuzipata hizo si suala la kubisha hodi tu. Andika barua ya shule kwa Hakimu Mfawidhi wa Mahakama ya Mwanzo, nakala kwa Hakimu Mfawidhi wa Wilaya na kwa Mtendaji wa Mahakama. Eleza miaka mnayotaka, eleza kwamba mnatafuta matumizi ya jengo na si mambo ya wadaawa, yaani wenye kesi, na omba siku ambayo masijala haina msongamano. Usipeleke darasa zima siku ya kwanza.

Rejista zikiisha, nenda kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Makao ya hifadhi ya kale yako Dar es Salaam, na ina kituo cha Kanda ya Ziwa Mwanza, ambacho ndicho cha kuanzia kwako. Ulizia vitabu vya wilaya na vya jimbo vya enzi ya Waingereza, ambamo wakuu wa wilaya waliandika historia, ramani, majina ya watemi na mahakama za wenyeji. Ulizia makadirio ya hazina za utemi, maana ujenzi wa baraza ulikuwa na fungu lake la fedha, na fungu hukupa mwaka na gharama. Ulizia Magazeti ya Serikali yanayotangaza kuanzishwa au kufutwa kwa mahakama. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina mkusanyo wa karatasi za Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi na serikali na kuishi muda mrefu Mwanza. Humo kuna mengi kuhusu sheria za Kisukuma na Kihaya na namna mabaraza yalivyofanya kazi.

Kama mtataka kumpima mshindani wa mjomba, na haki inataka mumpime kwa uzito ule ule, mtafute kwa tahajia ya Kijerumani: Muansa, Bukoba, Schirati. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni picha nyingi za makoloni, na hifadhi ya serikali ya Ujerumani mjini Berlin ina majalada ya wizara ya makoloni. Picha ni nzuri kwa sababu moja: zikiwa na jiwe, kilima au mwambao unaotambulika nyuma, mnaweza kusimama mahali alipokaa mpiga picha na kulinganisha. Mwanza haina upungufu wa mawe ya kukumbukwa.

Na ukipanua kazi hadi pwani nzima ya Ziwa, usishangae Kisumu ikikupeleka Uganda. Hadi mwaka 1902 eneo lile lilikuwa sehemu ya Uganda, na nyaraka za miaka hiyo zilikuwa za Entebbe kabla hazijawa za Nairobi. Kwa kazi ya darasa moja ningebaki upande wetu.

Ushahidi wa mdomo una nafasi yake, na wewe unao nyumbani. Usiwaulize wazee mwaka. Waulize tukio: kesi zilikuwa zinasikilizwa wapi ziwa lilipofurika, wapi siku bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1961, nani alikuwa karani watemi walipoondolewa. Waulize wawili kwa nyakati tofauti, mmoja asiwe wa ukoo wenu. Tafuta pia makaratasi ya babu: barua ya ajira, barua ya uhamisho, hati ya mshahara, kitabu cha pensheni. Barua ya uhamisho ikionyesha aliondoka na kurudi, iweke wazi.

Kuhusu jengo, msikwangue lipu kutafuta matofali ya chini wala msiamini mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya mlango. Mara nyingi ni mwaka wa ukarabati. Mkiona ufa mpana au ukuta umeegemea, acheni upimaji na mjulishe uongozi wa mahakama ili mhandisi wa wilaya aje. Wanafunzi wasisimame chini ya paa hilo.

Bango sasa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hesabu hiyo hakuna boma la Mjerumani wala baraza la Mwingereza huku kwetu linalolindwa kwa umri pekee. Linahitaji kutangazwa na waziri katika Gazeti la Serikali. Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba jengo likiwa la Mjerumani tayari ni mali ya kale na halivunjiki. Linavunjika. Hilo linakupa sababu ya kuharakisha, kwa kuwa Mahakama ya Tanzania imekuwa ikijenga majengo mapya nchini, Mwanza ikiwamo iliyopata Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, na jengo jipya likikamilika la zamani huwa stoo. Siyapingi majengo mapya. Aliyewahi kukaa na mtoto mgongoni akisubiri kesi kwenye veranda inayovuja hawezi kuyapinga. Lakini ombeni ruhusa ya kupiga picha mapema, ndani na nje, pamoja na benchi na kizimba.

Ukuta ni wa Mahakama, kwa hiyo bango linahitaji kibali cha maandishi cha Mtendaji, na maneno yake yapitiwe na mtu wa Mambo ya Kale. Katika maneno hayo ningekushauri uepuke "kongwe kuliko yote". Andikeni kwamba mashauri yamesikilizwa katika jengo hili tangu angalau mwaka fulani, mkiweka mwaka wa rejista ya zamani zaidi mliyoiona kwa macho. Neno "angalau" litakulinda dhidi ya mjomba na dhidi ya wilaya jirani.

Kuna mambo mawili ambayo barua na bidii havitoshi, na hapo tafuta mtu ana kwa ana. La kwanza ni rejista zilizoliwa na mchwa au kuota ukungu. Msizianike juani, msizibandike selotepu, msizipitishe kwenye mashine ya plastiki. Zifungeni kwa karatasi safi na mwite mtunza nyaraka wa kanda, kwa sababu ukurasa uliogandana hufunguliwa na anayejua. La pili ni mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa enzi zile, ambao hata Mjerumani wa leo humshinda. Idara ya historia ya Dar es Salaam inaweza kukuelekeza kwa msomaji, na kwa upande wa sheria, wahadhiri wa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, pale Nyegezi jijini Mwanza wako karibu nawe.

Mkifungua rejista za ndoa, mirathi na watoto, majina yabaki humo humo. Chukueni tarehe, namba ya kesi, jina la mahakama na sahihi ya hakimu, basi. Mjukuu wa mdaiwa wa mwaka 1948 huenda ameketi dawati la mbele darasani kwako.